Njia ya Kumi na Nne

Mkasi hakuwahi kutupa kitu. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu kazi yake ni kukata na kuunga picha za filamu, lakini ukimwona kazini ungelishangaa, maana mwanamke huyu hakuwa mkataji, alikuwa mlazaji. Kipande kisichomfaa hakukifuta. Alikilaza. Katika programu yake ya kuhariri, ukibonyeza kitufe kimoja kipande hugeuka kijivu, hakionekani wala hakisikiki, kinabaki pale pale chini ya vingine kimelala. Kesho ukikihitaji unakigusa, kinaamka. Wenzake walimtania kwamba miradi yake ina vitanda vingi kuliko hospitali. Yeye aliwajibu kwamba siku watakapolia kwa kufuta kitu wasimpigie simu, na kweli walilia, na kweli walimpigia.

Mradi wa safari hii ulimkaa moyoni kuliko yote, kwa kuwa ulimhusu mama mkwe wake.

Mama mkwe alikuwa mwalimu wa udereva. Kwa miaka thelathini na moja aliketi pembeni ya wanafunzi katika gari la mafunzo, lile lenye breki ya pili upande wa mwalimu, na mguu wake ulikuwa mwepesi juu ya breki hiyo hadi mji mzima ukamwita Mama Breki. Nusu ya madereva wa mji ule walipitia mikononi mwake. Hakuna aliyepelekwa kwa wakaguzi wa leseni bila yeye kwanza kumpima mwenyewe, fomu ya makosa pajani na kalamu mkononi, kisha akatia sahihi. Hakufoka, hakutukana, na honi hakuigusa. Alisema honi ni ya watu walioshindwa kutumia macho. Sasa alikuwa anastaafu. Jumamosi saa kumi chuo cha udereva kilimwandalia sherehe ukumbini, na katikati ya sherehe ingeonyeshwa filamu ya dakika arobaini kuhusu maisha yake ya kazi.

Kumbe palikuwa na kidonda. Mama Breki aliwaita watu wote "mwanangu". Mwanafunzi aliyezima gari katikati ya njia panda alikuwa mwanangu. Fundi wa matairi, mwanangu. Askari wa barabarani aliyemsimamisha kimakosa akaishia kumwomba radhi, naye mwanangu. Mtu mmoja tu alikosa jina hilo, naye ni Mkasi, aliyeitwa "mke wa mwanangu", mwaka wa sita sasa, kwa adabu zote. Hawakuwahi kugombana. Mama mkwe alibisha hodi, aliuliza habari, alishukuru kwa chai, akaaga. Ungewaona ungedhani wamekutana benki.

Tena palikuwa na hili la gari. Mara tatu Mkasi alijifunza udereva kwake, na mara tatu alipimwa. Mara zote tatu Mama Breki aliitazama fomu, akafunika kalamu, akasema "Bado", akashuka. Hakueleza. Siku ambazo mume wa Mkasi alipata lifti ya mwenzake, gari lao lilishinda uani na funguo zikining'inia kwenye msumari, na Mkasi akaenda sokoni kwa miguu akilitazama kwa jicho la pembeni.

Kwa hiyo chuo kilipotafuta mtu wa kutengeneza filamu na Mama Breki akasema apewe mke wa mwanangu, ndiyo kazi yake, Mkasi aliipokea kwa mikono miwili. Aliitumikia miezi minne. Hakuwa anatafuta sifa. Alitaka siku ya Jumamosi, taa za ukumbini zikiwashwa, mama mkwe ageuke amwite, mara moja tu, vile alivyomwita fundi wa matairi. Mumewe alimwambia anajisumbua bure, mama ndivyo alivyo. Ilikuwa rahisi kwake kusema. Yeye alikuwa mwanangu tangu kuzaliwa.

Picha zilipokamilika ilibaki sauti, na sauti ni kazi ya wifi. Huyu ni binti wa Mama Breki, fundi sauti, ambaye familia nzima ilimwita Sikio kwa kuwa angeweza kusikiliza friji ya jirani kupitia ukutani na kukwambia lini itakufa. Studio yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mapazia, kuta zimevaa magodoro, mlango umevaa blanketi mbili, na nje, juu ya mlango, taa nyekundu. Taa ikiwaka, watu wanasikiliza. Huingii, hugongi, hata kama nyumba inaungua. Utasubiri wamalize ndipo uwaambie waungue vizuri.

Siku zote Mkasi alimpelekea filamu nzima iliyoshikana, na Sikio akaisafisha juu juu. Safari hii alikataa. Alisema mama yake hasafishwi juu juu. Alitaka mradi wenyewe, kila sauti kwenye njia yake, injini mbali, mwalimu mbali, mwanafunzi mbali, ili azishike moja moja. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza, kwa kuwa Mkasi alitumia programu ya picha na Sikio programu ya sauti, na waliozitengeneza programu hizo mbili, nina hakika, hawajawahi kunywa chai meza moja.

Asiyejua kazi hii hudhani mradi ndiyo filamu. Sivyo. Mradi ni maelekezo tu: chukua kipande fulani kwenye diski fulani, kata hapa, unga pale, punguza sauti kidogo. Kuutoa programu moja kwenda nyingine ni sawa na kuhama nyumba. Vitu vyote unavyo, lakini kitanda hakipiti mlangoni na plagi zako hazilingani na soketi za huko.

Jumatatu asubuhi Mkasi alituma faili kwa mbwembwe, na ujumbe kwamba kazi imekwisha. Sikio alilifungua akakuta vipande mia nne na ushee, vyote vyekundu, kila kimoja kinalalamika kwamba hakijui sauti yake iko wapi. Kingejuaje? Sauti zilikuwa nyumbani kwa Mkasi, kwenye diski ya bluu, na faili lilikuwa linaitafuta diski hiyo studio, mahali ambapo haijawahi kukanyaga. Ikabidi Mkasi ainakili kazi yote upya, na mumewe akapewa diski aipitishe akienda kazini.

Sauti zikapatikana. Sekunde za kwanza mambo safi. Dakika ya pili Mama Breki alifunga mdomo na maneno yakaendelea kutoka. Programu moja ilihesabu picha ishirini na tano kwa sekunde, nyingine ishirini na nne, na tofauti hiyo ndogo ilikuwa inajilimbikiza polepole hadi mwisho wa filamu mwalimu akawa anawaaga wanafunzi ambao walikwisha kwenda zao. Sikio alicheka mpaka akakaa chini. Mkasi hakuona cha kuchekesha, kwa kuwa ni yeye aliyekuwa amejaza namba hiyo.

Jumanne ikawa kesi ya mikia. Ili diski isijae, Mkasi alikuwa ameiambia programu yake ichukue sauti pale tu zinapotumika, neno likiisha na kipande kiishe. Sikio alitaka ziada ya sekunde mbili kila upande, apate pa kuunganishia bila kishindo. Walibishana kwenye simu nusu saa nzima. Sikio alisema huwezi kumpa fundi gauni lisilo na upindo kisha ukamwambia alirefushe. Mkasi alijibu kwamba yeye si fundi cherehani, akakata simu, akatulia kidogo, akampigia tena kumwambia mikia ataipata, kwa kuwa wifi alikuwa na haki na wote wawili walilijua hilo.

Safari ya nne hakutaka aibu. Aliandika kwenye karatasi mambo yote ya kukagua, akaibandika ukutani juu ya kompyuta: diski, picha kwa sekunde, mikia, rangi ziondolewe, vipande vilivyofungwa pamoja vifunguliwe. Alipitia mradi juu mpaka chini, akaweka alama ya vema kila mstari. Vilivyolala hakuvigusa. Vilikuwa vimelala, vingemsumbua nani?

Jumatano saa saba mchana faili la nne likaondoka na diski yake, na Mkasi akatoka uani kuanika nguo, moyo mweupe. Saa tisa kasorobo alikuwa na vibanio viwili mdomoni, vingine vitano vimeng'ata kifua cha blauzi yake, na shuka mkononi, simu ilipoleta ujumbe wa Sikio. Uliandikwa hivi: "Wifi, hongera, imevuka yote. Majina ya njia ndiyo hayakuvuka, zimekuja namba tupu, moja hadi kumi na nne. Mama yupo hapa kurudia ile sentensi iliyoharibiwa na lori. Ananisaidia. Tunasikiliza njia moja moja, ananiambia sauti ni ya nani, mimi naandika. Nazima simu."

Mkasi alitabasamu na vibanio vyake. Kisha tabasamu likakauka. Kumi na nne? Filamu ilikuwa na njia kumi na tatu. Alihesabu kwa vidole, shuka begani: mwalimu, wanafunzi, msimulizi, injini, barabara, muziki, na nyingine zote. Kumi na tatu. Akarudia. Vibanio vikamtoka mdomoni.

Njia ya kumi na nne ilikuwa yake mwenyewe. Miezi minne alifanya kazi peke yake katika chumba cha wageni, na mtu anayefanya kazi peke yake huongea. Mwanzoni alirekodi sauti ya mwongozo tu, kumwonyesha msimulizi pa kuanzia na pa kunyamaza. Kisha, kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa pale na hakimkatizi mtu maneno, akaanza kukiambia na mengine. Kazi ilipokwisha njia ile ilikuwa na vipande thelathini na tisa vya Mkasi akimsema mama mkwe wake. Angevifuta. Mtu yeyote mwenye akili zake angevifuta. Yeye alivilaza.

Hapo, kando ya kamba ya nguo, akalielewa kosa ambalo lingeweza kufanywa na mtu wa aina yake tu. Kulala ni sheria ya programu yake. Programu ya wifi haiijui sheria hiyo. Yenyewe huona kipande, hukicheza. Yote aliyoyalaza kwa miezi minne yalikuwa yamevuka na kuamka.

Maneno yakaanza kumrudia, bila huruma. Kuna mahali alisema mama akianza sentensi hii nenda kachemshe chai, ukirudi utamkuta bado yuko njiani. Kuna mahali alihesabu kikohozi cha mama kabla ya kila neno "breki", akafika kumi na saba. Kuna la kwamba mama hacheki hata ukimlipa. Kuna la kofia ya mama. Na kuna lile la siku Mama Breki alipomtambulisha kwa mpiga picha kuwa ni mke wa mwanangu, naye Mkasi jioni ile akakiambia kipaza sauti kwamba angekuwa gurudumu angependwa zaidi.

Alimpigia Sikio, simu imezimwa. Alimpigia Mama Breki, akijua ni kazi bure, kwa kuwa mwanamke yule hakuwahi kupokea simu akiwa kazini tangu simu zianze kubebwa. Gari lilikuwa uani. Funguo zilikuwa kwenye msumari. Mkasi alizitazama funguo, akakumbuka "Bado" zote tatu, akatoka mbio na ndala zake.

Kwa miguu ni dakika ishirini na tano kufika duka la mapazia. Alitumia kumi na sita. Alipita walipokuwa wanachimba mtaro wa bomba, akaruka. Alipita kwa muuza betri aliyemsalimia, hakuitika, jambo ambalo lilizungumzwa baadaye. Njiani alitunga visingizio. Atasema ni sauti ya mtu mwingine. Atasema ni mchezo wa redio. Kwenye njia panda alikatiza bila kutazama, na gari lenye alama ya L likasimama ghafla hatua mbili kutoka kwake, mwanafunzi kashika usukani kwa mikono miwili, macho yamemtoka, na mwalimu wake pembeni akiinua mguu polepole kutoka kwenye breki ya pili. Mkasi aliomba radhi kwa mkono akaendelea kukimbia.

Alipanda ngazi mbili mbili. Taa nyekundu ilikuwa inawaka.

Angeweza kuusukuma mlango. Mkono aliunyoosha kabisa, ukafika kwenye kitasa, ukagoma. Miaka kumi na miwili ya kazi ilimkatalia. Huingii taa ikiwaka. Basi akasimama pale, anahema, nyuma ya blanketi mbili ambazo yeye mwenyewe alimsaidia wifi kuzipigilia misumari, na blanketi zilikuwa nzuri mno, hapakuvuja hata neno moja. Alisimama dakika nane. Visingizio vyote alivyotunga barabarani vilimwisha kimoja kimoja, hadi akabaki na ukweli, ambao hakuwa na mpango nao.

Taa ikazimika. Akaingia.

Mama Breki alikuwa ameketi kwenye kiti cha fundi, mgongo wima, miwani puani, na pajani fomu ya makosa. Hakuwahi kutoka nyumbani bila fomu hizo. Ile iliyokuwa pajani ilikuwa imejaa, mbele na nyuma. Sikio aliketi kwenye stuli pembeni, akiitazama dari kwa umakini mkubwa.

Mkasi alisalimia, akasema amepita tu kuchukua chaja yake.

Mama Breki alimtazama kuanzia ndala hadi kifuani, kwenye vibanio vitano. "Kaa," alisema. "Nimesikiliza yote. Mengine mara mbili."

Akasoma fomu tangu mstari wa kwanza, kwa sauti ile ile anayotumia kumwambia mtu amesahau kuwasha taa ya kugeukia. Kuhusu ile sentensi ndefu ya mwanzoni: kweli, ikatwe. Kuhusu kikohozi: kweli, ingawa si kumi na saba ni kumi na tisa, na amesikitika kwamba wanafunzi wa miaka yote hiyo walimficha. Kuhusu kutocheka: si kweli, yeye hucheka sana, ila si kazini. Kuhusu kofia: hana maoni. Akaendelea hivyo hivyo, kweli, si kweli, ikatwe, ibaki, na Mkasi akawa anaitikia kwa kichwa kila mstari. Sikio aliziba mdomo kwa kiganja mara mbili hivi. Kisha Mama Breki akafika kwenye mstari mmoja, akasita, akaupita bila kuusoma. Mkasi alijua ni lile la gurudumu.

"Mama, nisamehe," alisema. "Nilikuwa nazungumza na nafsi yangu."

"Ndiyo maana nimeyaamini," alisema Mama Breki. Akamgeukia binti yake. "Weka kile cha thelathini na moja."

Mkasi hakukumbuka cha thelathini na moja ni kipi. Sikio alibonyeza, na kwenye skrini likatokea gari la mafunzo limesimama kando ya barabara. Kwenye usukani alikuwa mwanafunzi mzee wa miaka sabini, mwenye mvi tupu, aliyekuwa anajifunza gari ili aweze kumpeleka mkewe kliniki. Siku ile alizima gari mara kumi na moja mfululizo. Mara ya kumi na moja akalia. Mama Breki alinyoosha mkono akaugeuza ufunguo, injini ikanyamaza, akauweka mkono wake juu ya mkono wa mzee. "Tutakaa hapa mpaka moyo utulie, mwanangu," alisema kwenye picha. "Barabara haihami." Mzee alimzidi umri kwa miaka kumi au zaidi.

Halafu ikaja sauti ya Mkasi, ya chini, ya mtu aliyesogeza mdomo karibu na kipaza sauti. "Hapa siweki muziki. Hapa siweki kitu. Mama yangu alikufa sijaanza shule, nikalelewa na shangazi, shangazi aliniita kwa jina. Huyu mzee anaitwa mwanangu na wala hashtuki. Mimi ningeitwa hivyo hata sijui ningeitikaje." Kisha kikasikika kitu kama mtu anavuta makamasi, na kipande kikaisha, na mkia wake wa sekunde mbili, kama wifi alivyotaka.

Mkasi alikumbuka sasa. Alikumbuka kwamba alilia siku ile, akaosha uso, akakilaza kipande kile haraka kuliko vingine vyote. Aliona haya, haya kubwa kuliko ya kikohozi na kofia kwa pamoja, akaanza kuvibandua vibanio kifuani apate pa kuweka mikono.

Mama Breki alivua miwani. "Mara tatu nilikwambia bado. Unajua kwa nini?"

"Sijui, mama."

"Kila nikikaa pembeni yako, unanitazama mimi. Ukibadilisha gia unanitazama. Ukikata kona unanitazama. Unatafuta kama nimefurahi. Dereva anatazama mbele. Ningetia sahihi, ningekuua." Aliitazama kalamu yake. "Nilipaswa kukwambia. Sikukwambia, kwa sababu niliogopa nikisema nimekuona unanitazama, utaacha."

Akabananisha mstari mmoja chini kabisa ya fomu, akasema na yeye amejiandikia kosa, akaikunja, akaitia mkobani. Halafu akasimama, akainyoosha sketi, na akawa tena mtu wa kazi. Alisema njia hiyo ya kumi na nne isiende ukumbini, si ya watu wale. Wala isifutwe. Akamwambia Mkasi kwamba Jumatatu saa mbili asubuhi wakutane barabara ya nyuma ya kiwanda, pale pasipo na magari, na aje na viatu, si ndala.

Sikio akamkumbusha kwamba Jumatatu atakuwa amestaafu.

"Nimestaafu chuo," alisema Mama Breki, akashuka ngazi.

Sikio ndiye aliyeanza kucheka, akasema wifi, lile la chai limeniua, na Mkasi akacheka naye huku anajifuta macho kwa mkono wa blauzi. Kisha akamwomba, tafadhali, kwa heshima ya undugu wao, akifute cha thelathini na moja angalau. Sikio alisema hawezi, amesikia mwenyewe alivyoamriwa. Akasogeza stuli, akamwachia nafasi mbele ya skrini.

Njia zote zilikuwa zimepangwa, moja chini ya nyingine, na pembeni ya kila moja, mahali palipokuwa na namba tupu, palikuwa na jina. Mama kwenye kiti. Mama barabarani. Mzee wa kliniki. Msimulizi. Injini. Lori. Mkasi alizifuata kwa macho kama mtu wa kazi, akikagua, hadi akafika ya kumi na nne, ya mwisho chini kabisa. Alisoma jina la njia ile. Akalisoma tena.

"Hili umeandika wewe?" aliuliza.

"Mimi niliuliza sauti ni ya nani, kama nilivyouliza kwa hizo nyingine," alisema Sikio. "Nimeandika alichosema."

Liliandikwa: Mwanangu.

Chini mtaani honi ikalia, ikapenya kwa mbali. Sikio aligeuza shingo, hakuyaamini masikio yake, na hayo ni masikio ya kuaminika. Akaenda dirishani, akavuta pazia. Gari la mafunzo lilikuwa limesimama mbele ya duka, na Mama Breki, ambaye kwa miaka thelathini na moja hakugusa honi, alikuwa ameibonyeza mara moja na sasa anaibonyeza ya pili. Alikuwa amekaa upande wa mwalimu, amenyoosha mkono hadi kwenye usukani. Kiti cha dereva kilikuwa wazi. Huenda alitaka tu kumpeleka nyumbani, huenda hakuweza kusubiri Jumatatu.

"Anakuita wewe," alisema Sikio.

Madirisha ya studio ni ya vioo viwili, honi hupenya kwa shida tu, na sauti ya mtu haitoki nje hata akipiga kelele, na Mkasi alilijua hilo kuliko wengi. Aliitika hivyo hivyo, akiwa amesimama mbele ya skrini, vibanio mkononi.

"Abee, mama."